Kelele Ina Kwao

Anayesaka chanzo cha mkwaruzo kwenye mawimbi ya kati hafuati mahali sauti inapozidi. Hufuata mahali inapokufa. Ndani ya redio ndogo ya transista, upande wa juu, kumelazwa kijiti cheusi cha ferite kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hicho ndicho eriali ya AM, yaani ya mawimbi hayo ya kati. Ule mchuma unaovutwa nje ni wa FM na masafa mafupi, kwa AM hausaidii kitu. Kijiti kikikipa chanzo ubavu, redio hupokea kwa nguvu zake zote. Kikikielekezea ncha, redio haipokei karibu chochote. Na hapa pana jambo ambalo mafundi hulijua kwa mikono kabla ya kulijua kwa hesabu: ukiigeuza redio nyuzi 30 kutoka pale inapopokea vizuri kabisa, nguvu hupungua kwa asilimia 13 tu, na sikio halitambui tofauti. Lakini ukikaribia ile ncha, nyuzi mbili tatu zinatosha kuifukuza kelele na kuirudisha. Sauti kubwa imetanda pande zote, haielekezi kokote. Kimya ni chembamba, nacho kinanyoosha kidole.

Basi unasimama mahali pa wazi, mbali na nyaya, unaizungusha redio mpaka mkwaruzo unyauke, unatazama ncha zake zimeelekea wapi, unachora mstari. Mstari huo una pande mbili, maana redio haisemi kama kelele iko mbele yako au mgongoni. Unahamia mtaa mwingine, unarudia, unachora wa pili. Inapokatana mistari, ndipo pa kwenda kupiga hodi.

Kwa nini AM ndiyo inayoumia hivi? Kwa sababu huandika sauti kwenye kimo cha wimbi: mtangazaji akipaza, wimbi hurefuka, akinong'ona, hufupika. Cheche yoyote, iwe ya radi au ya swichi, nayo huongeza kimo, na redio haina namna ya kujua hiki ni cha mtangazaji na hiki ni cha cheche. Edwin Armstrong, Mmarekani aliyepewa hataza za FM mwaka 1933, alilikwepa tatizo hilo kwa kuihamisha sauti kutoka kwenye kimo na kuiweka kwenye wepesi wa mtikisiko wa wimbi. Redio ya FM inaweza kukata vilele vyote bila kupoteza neno. Ya AM haiwezi kukata. Inapokea mema na mabaya, yote kwa pamoja.

Lakini kwa kuwa inapokea yote, inasimulia yote. Mwenye kuizoea hutambua aina za kelele kama zilivyo, kabla hata hajanyanyuka kwenda kuzitafuta. Kelele inayodonoa mara moja kila sekunde, tik, tik, mchana na usiku, karibu kila mara ni fensi ya umeme. Muungurumo mkavu unaofunika kuanzia mwanzo wa bendi hadi mwisho, bila kuchagua kituo, ni cheche kwenye laini ya umeme: umeme wetu hubadili mwelekeo mara 50 kwa sekunde, na cheche huruka kila nusu ya mzunguko, kwa hiyo husikika ikigonga mara 100 kwa sekunde. Ikiwa inatokana na skrubu iliyolegea juu ya nguzo, hushamiri siku za jua na kupotea mvua inaponyesha, kwa sababu maji huziba ule mwanya uliokuwa ukirusha cheche. Ikishathibitika hivyo, kazi ya msikilizaji imeishia hapo. Nguzo haigongwi wala haitikiswi. Huandikwa namba yake na kuachiwa wenye nayo.

Kelele za chaja na taa za LED zina tabia nyingine. Vifaa hivi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuupunguza, na kila ukataji huacha alama zake kwenye bendi kwa hatua zilizo sawa. Chaja inayokata kwa kilohezi 60 utaikuta inakoroma kwenye 600, kisha 660, kisha 720, na katikati ya hapo pana nafuu. Ukiona vilima vya namna hiyo, tena vinavyohamahama kidogo kadiri kifaa kinavyopata joto, acha kutazama nguzo. Tazama soketi.

Na kuna mluzi. Katika Afrika, Ulaya na Asia vituo vya mawimbi ya kati hupangwa kilohezi 9 kutoka kimoja hadi kingine, kwa mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1975, kuanzia 531 hadi 1602. Usiku, vituo vya mbali vinapoingia, majirani kwenye bendi hugongana na kutoa mluzi mwembamba. Lakini si kila mluzi umetoka hewani. Redio nyingi za zamani hukigeuza kila kituo kuwa masafa mamoja ya ndani, kwa kawaida kilohezi 455, kabla ya kutoa sauti. Mara mbili ya hiyo ni 910, na kilohezi 909 ni mojawapo ya nafasi za vituo. Ndiyo maana redio hizo zinapokamata kituo hapo hupiga mluzi wao wenyewe, unaotokana na masafa ya ndani kuvuja na kurudi mlangoni. Hesabu hiyohiyo ndiyo huleta vizuka: kituo chenye nguvu kilichoko 1521 kinaweza kujitokeza karibu na 612, mahali ambapo hakijawahi kurusha neno. Namna ya kutenganisha mluzi wa ndani na wa nje ni rahisi. Zungusha kitufe taratibu sana. Mluzi ukipanda na kushuka kadiri unavyozungusha, umezaliwa ndani ya redio. Ukibaki na sauti ileile, ukififia tu, ni vituo viwili vinavyogombana huko nje. Kikulacho ki nguoni mwako, na msakaji makini huanza na nguo zake.

Mbali na sauti na upande, kelele ina ratiba. Mwaka 2020 ilijulikana habari ya Aberhosan, kijiji kidogo cha Wales, ambako kwa muda wa miezi 18 intaneti ya kijiji kizima ilikuwa ikianguka kila siku saa 1 asubuhi. Mafundi walipima laini, wakabadilisha sehemu kubwa ya nyaya, na asubuhi iliyofuata mambo yakawa yaleyale. Mwishowe wakaja kabla hakujapambazuka, wakatembea kijijini kwenye mvua na kipimo cha mawimbi mkononi. Ilipofika saa 1, kipimo kikaruka. Waliufuata mkwaruzo hadi kwenye nyumba moja yenye televisheni kuukuu iliyonunuliwa mitumba, ambayo mwenyewe alikuwa akiiwasha kila alipoamka. Mwenye nyumba aliona haya, akaahidi kutoiwasha tena. Intaneti inayopita kwenye waya wa shaba wa simu husafiri kwa masafa yanayofunika mawimbi ya kati, na ndiyo sababu wasakaji wa kelele za laini hizo huko Uingereza hubeba redio ndogo ya AM. Chombo ambacho wengi walidhani kimekwisha kazi kimekuwa pua ya kunusia maradhi ya intaneti.

Ratiba hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha Karl Jansky mahali ambapo hakutumwa. Alikuwa mhandisi kijana wa maabara za Bell huko Holmdel, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1930, akilipwa achunguze kelele zinazosumbua simu za redio za masafa mafupi kuvuka Atlantiki. Alijenga eriali kubwa juu ya magurudumu ya gari la Ford, ikawa inazunguka mara moja kila dakika 20. Kelele alizozipata alizigawa tatu: radi za karibu, radi za mbali, na mvumo mmoja mwembamba usiojulikana kwao. Mvumo huo ulizidi mara moja kwa siku, na mwanzoni ilielekea kuwa ni jua. Lakini ulikuwa ukiwahi. Kila siku ulifika dakika nne kabla ya saa uliyofika jana, na hakuna kiwanda wala tramu inayofungua kazi kwa mtindo huo. Saa 23 na dakika 56 ni muda ambao dunia huchukua kujizungusha mara moja ukiipima kwa nyota badala ya jua. Mwaka 1933 Jansky alitangaza kwamba mvumo ule unatoka nje kabisa ya mfumo wetu wa jua, upande wa katikati ya Njia ya Maziwa. Waajiri wake wakaelewa kwamba kelele hiyo haina swichi, naye akapangiwa kazi nyingine.

Mwaka huohuo, mjini Eindhoven, Uholanzi, mhandisi B. D. H. Tellegen alikuwa akisikiliza kituo cha Beromünster cha Uswisi kwenye mawimbi ya kati. Nyuma ya kipindi alisikia kipindi kingine, kile cha Luxembourg, kituo kilichokuwa kikirusha kwa mawimbi marefu, mbali kabisa na hapo alipoifungulia redio yake. Redio haikuwa mbovu. Ilikuja kueleweka kwamba Luxembourg, iliyo karibu na mstari unaotoka Uswisi kwenda Uholanzi, ilikuwa na nguvu kiasi cha kuzipasha joto elektroni za tabaka la anga la juu, na tabaka hilo likawa linameza wimbi la Beromünster kwa kufuata mapigo ya sauti ya Luxembourg. Vituo viwili vilichanganyika angani, si kwenye waya. Hata mtu angezunguka na redio yake mwaka mzima, asingepata mlango wa kubisha.

Hizo mbili nazitaja kwa sababu ni adimu. Kuna kelele za mbinguni, na sisi tulio jirani na bonde la Kongo, ambako radi hupiga kwa wingi unaopatikana sehemu chache tu duniani, tunaijua milipuko yake kila jioni ya masika. Lakini hizo zina msimu na zina heshima. Hupiga, zikanyamaza, neno likapita. Inayokera ni ile isiyopumua, na hiyo karibu kila mara ina mita ya umeme.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, kipimo cha hilo huletwa bure: umeme ukikatika. Mtu mwenye redio ya betri anayeiwasha wakati huo atashangaa. Pale palipokuwa na ukuta wa mvumo panafunguka. Vituo vinasimama kimoja kimoja, Kiarabu, Kihindi, Kifarsi, na kati ya kituo na kituo pana utupu halisi, ule ambao babu zetu waliuona ni jambo la kawaida. Umeme ukirudi, ukuta unarudi nao. Siku za karibuni kipimo hicho nacho kimeanza kudanganya, kwa sababu mtaa wenye sola na inveta haunyamazi tena hata gizani. Mashine ya kugeuza umeme wa betri nayo hukatakata, na zile za bei ya chini hukoroma kuliko chaja.

Umeme ukiwapo, unafanya mkato wako mwenyewe. Unazima meinswichi, unasikiliza. Kelele ikibaki, si yako. Ikiondoka, unawasha fyuzi moja moja, chumba baada ya chumba, kisha soketi baada ya soketi. Ndani ya nyumba ile hila ya kijiti cha ferite haifai, kwa sababu kelele hupanda kwenye nyaya za ukutani na kusambaa kama harufu ya samaki wa kukaanga: vyumba vyote vinanuka, ilhali jiko ni moja. Mara nyingi jiko lenyewe ni chaja ya simu iliyosahauliwa ukutani, haina hata simu. Ukiifungua utaona kwenye kibao chake pamechorwa nafasi ya koili ya kuchuja kelele, na mahali pa koili pamewekwa kipande kifupi cha waya. Mchoraji wa kifaa alijua koili inahitajika. Aliyekuja baada yake alijua kwamba bila koili chaja itachaji vilevile.

Kazi ngumu kuliko zote si ya mafundi. Ni pale mistari inapokatana kwenye nyumba ya mtu mwingine. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alikuwa na taa ya nje iliyokuwa ikiwaka tangu magharibi hadi alfajiri, na bendi yote ilikufa nayo kwa saa hizohizo. Nikaenda na redio mkononi.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Naomba uizime ile taa ya nje kwa dakika moja."

"Marahaba, mwanangu. Taa imekufanya nini?"

Nikampa redio ashike mwenyewe. Akazima, mtangazaji wa Kiarabu akaanza kuongea mikononi mwake. Akawasha, akanyamazishwa. Akarudia, safari hii akicheka, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Sasa mwanangu, mbona husikilizi FM kama watu wengine?"

Jibu la haraka lipo. FM huishia pale upeo wa macho unapoishia, au mbali kidogo zaidi, ndiyo maana kila mji unahitaji mnara wake. Wimbi la kati hutambaa juu ya ardhi, na juu ya maji ya chumvi hutambaa vizuri zaidi, hivyo mtu aliye kwenye jahazi nje ya upeo wa minara bado anaweza kupata sauti. Usiku hupanda angani na kurudishwa chini mamia ya kilomita kutoka lilikotoka. Kituo kimoja chenye nguvu kinaweza kuongea na nchi nzima hata pale intaneti imezimika na minara ya simu imeanguka kwa mafuriko. Hayo nilimweleza, naye akayakubali kwa adabu.

Jibu la pili limenichukua muda zaidi. Swali la mama linadhani kwamba kelele ni tatizo la anayeisikia, kwamba ukihama, limekwisha. Na kweli, tangu miaka ya 1990 FM zilipotapakaa Afrika Mashariki, wasikilizaji walihama, na kila aliyehama aliondoka na malalamiko yake. Ni nadra kuona chombo cha serikali kikitembea mitaani kutafuta chaja zinazokoroma. Sheria za usafi wa mawimbi mara nyingi huamka mtu anapolalamika, na anayelalamika lazima awe alikuwa anasikiliza. CISPR, kamati ya kimataifa inayoweka viwango vya kelele za vyombo vya umeme, ilikutana mara ya kwanza Paris mwaka 1934 kwa sababu mota na vyombo vya nyumbani vilikuwa vikiharibu usikivu wa redio. Viwango ambavyo chaja na taa za leo zinatakiwa kuvitimiza vimetokana na watu waliokaa sebuleni wakakasirika. Hasira zao zinamlinda hata mwenye intaneti ya waya wa shaba ambaye hajui AM ni kitu gani.

Tazama kinachotokea hasira zikiisha. Watengenezaji kadhaa wa magari ya umeme waliondoa AM kwenye magari yao, wakieleza kwamba mota na mitambo yake huichafua. Kelele ilikuwa yao, lakini kilichotolewa ni sikio. Mwaka 2023 kampuni ya Ford nayo ilikuwa na mpango wa kuiondoa AM kwenye magari yake mengi mapya. Wakulima, watangazaji na maofisa wa maafa wa Marekani wakapiga kelele zao, muswada wa kulazimisha AM ndani ya kila gari ukapelekwa kwenye Bunge, na mwezi Mei Ford ikabatilisha uamuzi. Mota inaweza kukingwa, koili inaweza kuwekwa. Ni gharama tu, na gharama hulipwa pale panapokuwa na anayedai. Viwango vyenyewe hupima kifaa kimoja kimoja. Havipimi mtaa mzima wenye vifaa elfu moja ambavyo kila kimoja kimepita kipimo. Mtaa mzima hupimwa na mtu mmoja tu, yule mwenye redio.

Mama alikubali kubadilisha taa, kwa sharti kwamba nitamtafutia nyingine. Hapo nikakutana na ugumu mpya: boksi za taa huandikwa wati, rangi ya mwanga na miaka ya kudumu, na hakuna hata moja inayosema kama inakoroma. Dukani, muuzaji hujaribu taa kwa kuiwasha ili mteja aone inawaka. Nilimwomba aiwashe karibu na redio yangu. Ya kwanza ikanguruma, ya pili ikanguruma, ya tatu ikawaka kimya, tena bei yake haikuwa kubwa kuliko za mwanzo. Tangu hapo nikienda kununua taa huenda na redio, na zinazonguruma nazirudisha kaunta mbele ya wateja wengine. Muuzaji hasikilizi AM, wala sidhani kama ataanza. Lakini taa za aina ile ya tatu sasa huziweka rafu ya mbele, na juzi nilimsikia akimwambia kijana aliyemletea mzigo kwamba zile nyingine asilete tena, zinarudishwa.